Niache Mpaka Saa Nne

Siku mliponiaga pale ofisini, kati ya soda na zile hotuba, mmoja wenu aliniuliza, "Mama, sasa unarudi kwenu lini?" Nikacheka nikala keki. Swali nililikwepa, na aliyeuliza hana kosa, maana mstaafu wa Mpanda huulizwa hivyo hivyo kama vile mji huu ni stendi ya kusubiria basi. Nimeona bora nijibu kwa maandishi. Nyie wa ustawi wa jamii mtalikuta jibu humu kabla sijamaliza, na njiani mtaokota mawili matatu ya kazi.

Mimi ni Mfipa. Nilifika Mpanda wakati bado ni wilaya ya mkoa wa Rukwa, nikiwa na cheti changu kwenye bahasha ya kaki na viatu vya kisigino ambavyo vumbi la Mpanda lilivimaliza kwa wiki mbili. Nilitegemea meza. Aliyenipokea ni Mzee Kasanda, Mkonongo wa Inyonga, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa peke yake katika idara nzima. Akanipa daftari kubwa, mwavuli, na kigoda cha miguu mitatu. Nikamuuliza kigoda ni cha nini. Akasema ndicho ofisi yangu.

Nilidhani ananidharau. Baadaye nikaelewa kwamba yule mzee alikuwa na utaratibu wake, na alikuwa ameutoa kwenye nyuki. Alikuwa na mizinga yake Ugalla, na kila likizo alipotelea huko. Alisema mtu asiye na akili anafika kwenye mzinga na kuufungua. Mwenye akili anakaa pembeni kwanza, anaangalia nyuki wanatoka wapi na wanaingia saa ngapi. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: mtu anayeishi barabarani hafunguliwi faili mpaka umekaa naye siku tatu. Unaweka kigoda karibu, unafungua mwavuli, unaangalia. Nani anamsalimia, nani anampa chakula, anakwenda wapi mchana. Ukishajua hayo, ndipo unauliza jina.

Nilikaa. Nilichekwa na wauza nyanya, nikaitwa mganga, nikaitwa usalama wa taifa, na mwanaume mmoja mlevi aliniposa mara mbili. Lakini utaratibu ulifanya kazi. Nilikaa karibu na mzee mmoja kipofu pale stesheni, na siku ya pili nikaona mwanamke anayeuza uji anamfulia shati bila kuambiwa. Faili lake lilikuwa jepesi, kwa sababu mtu wake alishapatikana. Mzee Kasanda alistaafu akarudi kwenye mizinga, akaniachia kigoda. Akaniambia kisipate mchwa. Hakikupata, lakini baadaye kilipata vumbi, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Mpanda ikakua. Tukawa mkoa, tukapata Manispaa, lami, taa za barabarani, na barua za kutoka juu. Barua moja ilitaka tukusanye maoni ya wananchi kuhusu ombaomba wa mjini. Nilizunguka na madodoso wiki nzima. Bodaboda waliniambia ombaomba wote wameshuka na treni kutoka Tabora. Wabeba mizigo wa stesheni wakasema hapana, wanakuja na mabasi ya Sumbawanga. Hapo nilinyamaza kwa heshima ya kabila langu. Mama lishe mmoja alisema wale ni wavivu wanaokunja miguu wajifanye viwete wakiona watu. Kinyozi akasema yule Bibi Nyanzobe wa barabara ya sokoni ana ng'ombe Mishamo, ndugu yake aliwaona. Mwingine akasema wale wana hela kuliko mimi, na hilo sikuwa na ushahidi wa kulipinga.

Katika madodoso yote hakuna aliyekubali kwamba ombaomba ni mtu wa hapa. Nami nilikuwa naandika majibu hayo kutoka kwa Wasukuma, Wanyamwezi, Waha, Wafipa, Warundi wa zamani, na wenye maduka ambao babu zao walikuja na bidhaa kutoka Ujiji. Mji mzima wa waliokuja, halafu asiyekuwa na nyumba ndiye mgeni. Niliona kichekesho hicho, nikacheka, nikaandika ripoti, na mwishoni mwa ripoti nikapendekeza "warudishwe kwao." Sikulazimishwa na mtu. Niliandika kwa mkono wangu.

Bibi Nyanzobe, wale mliomkuta mnamkumbuka. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya duka la vitenge la Mzee Ramadhani, miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi kichwani, bakuli la plastiki pembeni. Hakuwa anasumbua mtu. Siku za Ijumaa wenye maduka ya barabara ile wana desturi yao ya kutoa sadaka kabla ya swala, kuanzia kama saa nne. Kunakuwa na foleni, na wengine wanatoa huku wanawasema wanaopokea. Bibi hakuwa anapanga foleni hata siku hiyo. Alikaa palepale, na aliyetaka kumpa alimfuata. Watu walimwita mwenye maringo. Ombaomba naye akiwa na maringo inawauma watu, sijui kwa nini.

Kisha tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja, mji usafishwe, na ombaomba wawe wamerudishwa ndani ya wiki. Siku tatu za kigoda kwa kila mtu zingetoka wapi? Nikatumia simu. Kwa Bibi Nyanzobe nilijisifu sana, kwa sababu hakutaka kusema anakotoka. Nilimsikia akisalimiana kwa Kisukuma na muuza mchele, nikamfuata yule muuza mchele, naye akaniunganisha na watu wa Mpimbwe. Siku mbili tu, nikampata Masanja, mtoto wa mke mwenzake, mfugaji na mkulima wa mpunga upande wa Kibaoni. Masanja akasema kwa adabu kabisa, "Mama, mleteni. Huyo ni mama yetu, tumemtafuta." Nikakata simu nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Sikukaa kwenye kigoda hata dakika moja.

Lori lilikuja Ijumaa, saa tatu asubuhi. Walikuwa watu sita, Bibi wa mwisho. Mgambo mmoja akambebea mfuko. Juu ya ngazi kulikuwa na fundo dogo la kanga chakavu, nikamwambia asisahau mzigo wake. Akasema, "Huo si wangu." Tulipomshika mkono apande, akasimama, akanitazama. Hakulia wala hakugombana.

"Mwanangu," akasema, "niache mpaka saa nne."

Mgambo wakacheka. Ijumaa, saa nne, kila mtu alijua maana yake. Dereva akasema bibi hataki kuikosa sadaka. Na mimi, niliyekuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, niliyefundishwa na Mzee Kasanda, nikamwambia, "Panda, Bibi. Sadaka utaikuta kwa watoto wako." Watu wakacheka tena, na nilipenda kwamba wamecheka. Akapanda. Jioni nikapigiwa simu kwamba amekabidhiwa mbele ya mtendaji wa kijiji, picha imepigwa, wamepiga makofi. Nikajaza fomu: amerudishwa kwao.

Jumatatu, mida ya saa nne na nusu, Mzee Ramadhani aliingia ofisini kwangu. Ni mtu wa utaratibu, hafungi duka katikati ya siku kwa jambo dogo, lakini siku hiyo alikuwa ameufunga mlango na funguo ziko mkononi. Alikataa kiti. Akaniuliza kama namjua yule binti anayeokota vizibo vya soda barabarani. Nikasema nani asiyemjua. Mji mzima ulimwita Vizibo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akili imemruka, anatembea peke yake kutwa nzima akiongea na vizibo vyake. Hakuwa anaomba, ndiyo maana hakuwamo kwenye lori.

Akaniambia kwamba Ijumaa ile, saa nne kamili, Vizibo alikuja kwenye ngazi ya duka lake, akasimama, akaangalia pale pa Bibi, akakaa. Hajaondoka mpaka leo. Amepewa chapati, akaitupa. Amepewa uji, akaumwaga. Kwenye ngazi kulikuwa na fundo ambalo yeye Mzee Ramadhani aliliweka ndani akidhani Bibi amelisahau. Alilifungua, akakuta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Alipompa, binti alilinusa lile fundo, akalikumbatia, lakini hakula. Maji yenyewe anayamwaga. Midomo imeanza kupasuka. Na Mzee Ramadhani akakumbuka kitu alichokiona kila siku kwa miaka bila kukitazama: kwamba kila saa nne yule binti alikuwa anapita pale, na yule bibi alikuwa anamlisha kwa mkono.

"Mama Ustawi," akasema, "mmemwondoa mtu wa mtu."

Nikampigia Masanja. Akaniambia mama aliondoka Jumamosi alfajiri bila kuaga, na wao wamezunguka Kibaoni yote kumtafuta. Nikamuuliza kama Bibi alikuwa na mtoto wa kike. Akauliza, "Kabula yuko hai?"

Hapo ndipo nilipoipata hadithi ambayo ningeipata kwa siku tatu za kukaa. Kabula alikuwa mtoto pekee wa Bibi. Alipougua akili alianza kupotelea porini, na pori la kule ni hifadhi, lina simba na nyati. Mara ya mwisho alilala huko siku mbili. Masanja na ndugu zake wakaamua kumfunga kamba kwenye nguzo ya zizi ili asiliwe. Hakuwa mtu mbaya, Masanja; aliniambia kwamba hawakujua wafanye nini kingine. Bibi alivumilia wiki moja. Halafu akakata kamba, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Ndiyo maana hakutaka kutaja kwao. Na ndiyo maana hakutaja kwamba ana mtoto, kwa sababu aliwaza kwamba serikali nayo ina kamba zake.

Magari ya ofisi yote yalikuwa kwenye maandalizi ya mgeni. Mzee Ramadhani akasema lake lipo. Tulimwacha mke wake akae na Kabula ngazini, tukaondoka na pikapu yenye marobota ya vitenge nyuma. Tulipita Sitalike, viboko wamelala mtoni kama kawaida yao, tukaingia hifadhini. Barabara ya Kibaoni inapita katikati ya hifadhi, na kutembea kwa miguu humo hairuhusiwi. Mbung'o walituuma kupitia nguo. Nilikuwa naangalia kando ya barabara, na niwaambie ukweli, nilikuwa natafuta kitambaa cheusi kwenye majani na ninaomba nisikione.

Tulimkuta geti la upande wa pili. Askari wa hifadhi walikuwa wamemkamata Jumamosi jioni akitembea ndani, wakamrudisha getini, wakampa pa kulala, na kumkataza kuingia tena bila gari. Wakasema tangu hapo amekaa palepale kando ya kizuizi, kila gari linalosimama anainua mkono. Na alikuwa amekaa kweli, miguu imenyooshwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Pembeni yake kulikuwa na chungu ya vitu: biskuti, chupa za maji, ndizi, sarafu kwenye karatasi. Kila gari lilikuwa limempa kitu. Alikuwa anaomba lifti kwa siku mbili, na watu walimwona ombaomba, wakampa biskuti, wakaondoka.

Nilishuka. Akanitambua, hakushangaa.

"Saa nne ngapi zimepita?" akaniuliza.

"Nne, Bibi."

"Amekula?"

Nikasema hapana. Akaanza kukusanya biskuti kwenye kanga yake, moja moja, na mimi nikapiga magoti kumsaidia. Njiani nilimwambia anisamehe. Tulipofika karibu na Sitalike ndipo akasema, bila hasira, "Nilikuambia niache mpaka saa nne. Hukuniuliza ya nini." Nimepata barua za onyo mbili katika maisha yangu ya kazi, na hakuna hata moja iliyoniuma hivyo.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na kundi la watu mbele ya duka, kila mmoja na maoni yake, na kinyozi wangu wa madodoso yumo. Mke wa Mzee Ramadhani alikuwa amemfunika Kabula na kitenge kipya kutoka dukani. Bibi alipita katikati ya watu, akakaa mahali pake, akanyoosha miguu. Hakumkumbatia mtoto wala hakupiga kelele. Alilichukua lile fundo mikononi mwa Kabula, akalifungua, akalowesha kipande kwenye maji, akakipeleka mdomoni kwake. Kabula akafungua mdomo. Alikula, akanywa, akala tena, kisha akatoa vizibo mfukoni akaanza kumwonyesha mama yake kimoja kimoja, vyote ambavyo hakumwonyesha mtu tangu Ijumaa. Mimi nililia mbele ya wananchi. Mzee Ramadhani aliingia ndani akaanza kupanga vitenge vilivyokuwa vimeshapangwa. Watu waliondoka mmoja mmoja, na kinyozi aliondoka akiwa hasemi kitu, jambo ambalo sijawahi kuliona tena.

Sasa upande wa ofisi. Mkuu wangu wa wakati huo aliniambia aliyekwisha kurudishwa hawezi kurudi, ripoti imeshatumwa. Nikamwambia basi aende akamwambie yeye mwenyewe, yuko ngazini. Hakwenda. Mgeni mkubwa alikuja, akapita barabara nyingine kabisa. Nililiomba faili, nikakata mstari kwenye "amerudishwa kwao," na kwenye nafasi ya makazi nikaandika: ngazi ya duka la vitenge, barabara ya sokoni, saa nne asubuhi. Faili lipo bado, mkitaka kulitafuta. Halafu nikakipangusa kigoda vumbi.

Mengine yalikwenda polepole, na kwa sehemu tu. Mzee Ramadhani aliwapa chumba cha nyuma cha stoo. Kabula hakukubali kwenda hospitali, kwa hiyo muuguzi alikubali kuja ngazini, na dawa zikamtuliza, hazikumrudisha. Masanja alikuja. Alisimama mbali kwanza, kofia mkononi, kisha akakaa chini. Hakuongelea habari ya kamba, ila kila mavuno akawa analeta gunia la mchele na matobolwa. Mjini walianza kusema "bibi yetu," walewale. Na wapo waliosema mimi nalipwa na Bibi kutoka kwenye ng'ombe wake wa Mishamo. Nawaomba mkiwaona hao ng'ombe mnijulishe.

Lakini Bibi alikuwa anazeeka, na alijua hesabu ya mambo kuliko sisi wenye vyeti. Siku moja akaniambia nisogeze kigoda. Akaniwekea kipande cha tobolwa mkononi, akaushika mkono wangu kwa chini, tukampelekea Kabula pamoja. Kabula akatema kwenye kitenge changu. Kesho yake akatema tena. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima, mkono wake chini ya wangu, mpaka siku alipoutoa wa kwake taratibu na Kabula akala bila kugeuka. Bibi akasema, "Haya. Sasa tupo wawili."

Alifariki masika yaliyopita, miezi michache kabla nyie hamjaninunulia keki. Masanja alitaka kumpeleka kwao akazikwe kwenye boma, kama inavyotakiwa. Alifika na gari kabisa. Saa nne ikafika akiwa bado anapanga safari, akamwona Kabula anatokea na vizibo vyake, anakaa, anafungua mdomo nimlishe. Akaliondoa gari mwenyewe. Tulimzika hapahapa mjini, Misunkumilo, na Masanja ndiye aliyechimba.

Kaka zangu Sumbawanga wamenitengea kiwanja, wanapiga simu kila Jumapili. Wanasema mtu akistaafu anarudi kwao, na mimi nawaambia subirini. Nimeandika haya tangu alfajiri na sasa ni saa tatu na robo. Kutoka kwangu mpaka dukani ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, magoti yangu yakikubali. Mmoja wenu mwenye subira na aje kesho, asije na faili, atanikuta kwenye kigoda. Aje amevaa kitenge cha zamani, maana mwanzoni atatemewa, na mimi natafuta mtu wa kumshika mkono kwa chini.